Kupamba Baraza la Mbele kwa Halloween: Hadithi ya Zimwi na Ngoma, kutoka Njiani hadi Mlangoni

Katika mitaa mingi ya Marekani na Kanada, jioni ya tarehe 31 Oktoba taa ya barazani ndiyo mwaliko. Ikiwaka, watoto waliovaa mavazi ya kujigeuza hupanda ngazi, hubisha hodi na kuomba peremende. Ikiwa imezimwa, hupita bila kinyongo, na hakuna anayeuliza sababu. Familia ambayo dini au desturi yake hairuhusu sherehe hii inaweza kuzima taa yake kwa amani. Mwongozo huu ni wa mzazi Mswahili anayeishi huko, ambaye watoto wake wamekwisha kata shauri kwamba mwaka huu nyumba yao nayo ipambwe, na ambaye angependa mapambo hayo yasimulie hadithi badala ya kuwa rundo la mifupa ya plastiki.

Hatua ya kwanza: chagua hadithi moja, uikate vipande vitatu

Kosa la kawaida ni kuchanganya. Utaona baraza moja limebeba mchawi, mbwamwitu, binti mfalme na jeneza, na mtoto akishuka ngazi hawezi kukueleza ameona nini. Hadithi inayofaa ina mahali panapotambulika kwa kutazama mara moja, ina kiumbe mmoja wa kuogofya, na ina kitu kimoja ambacho mtoto atakikumbuka akiwa kitandani. Ngano ya Wajerumani ya Hansel na Gretel ina hayo yote, kwa kuwa nyumba ya mikate na peremende inafanana yenyewe na nyumba inayogawa peremende. Lakini kwa sababu hiyo hiyo wengi wameishaitumia. Mimi nilichagua ngano ya kwetu, nayo ndiyo nitakayoitumia kama mfano hapa. Atakayependa nyingine atafuata hatua zilezile.

Msichana alikwenda ufukweni na wenzake kuokota makombe. Akapata kombe zuri, akaliweka juu ya mwamba, kisha akalisahau hadi walipokuwa wamefika mbali. Wenzake walipokataa kurudi naye, alirudi peke yake huku akiimba ili kujipa moyo, na pale mwambani akalikuta zimwi limekaa. Zimwi likamwambia asogee aimbe tena, kwa kuwa halikusikia vizuri. Aliposogea likamkamata, likamtia ndani ya ngoma. Tangu hapo likawa linazunguka vijijini na kulishwa bure, kwani kila lilipoipiga ile ngoma, ngoma iliimba kwa sauti ya mtoto. Siku lilipofika kijijini kwao msichana, wazazi waliitambua sauti. Wakalilevya zimwi hadi likalala, wakamtoa binti yao, wakaijaza ngoma nyuki, nyoka na siafu. Katika baadhi ya masimulizi, pale zimwi lilipofia huota mmea wa maboga, na boga moja hukua kupita kiasi, likasema, likawakimbiza watoto waliotaka kulipasua.

Kipande hicho cha mwisho ndicho kilichoniamulia. Waayalandi, ambao desturi hii ilitoka kwao pamoja na majirani zao wa Uskoti, walikuwa wakichonga nyuso za kutisha kwenye tanipu, mboga ya mzizi mnene. Walipohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19 walikuta boga, ambalo ni kubwa na ni rahisi kukwangua, na tangu hapo hakuna baraza la Halloween lisilokuwa na boga. Katika mabaraza mengi boga hilo liko pale kwa kuwa lazima liwepo. Katika hadithi yetu lina kisa chake: ni zimwi lenyewe limerudi.

Sasa ikate hadithi kulingana na jinsi mgeni anavyotembea. Njia ya kutoka barabarani iwe ufuko, ngazi na sehemu ya kati ya baraza ziwe zimwi na ngoma, na mlango uwe nyuki na boga. Mtoto atembee ndani ya hadithi kwa mpangilio wake, na asipewe mwisho kabla ya mwanzo.

Hatua ya pili: pima, kisha omba ruhusa

Mwishoni mwa Septemba, simama barabarani jioni ukitazama nyumba yako kama mgeni. Pima urefu wa njia, upana wa ngazi, kina cha baraza na kimo cha dari, na uandike soketi ya nje iko wapi, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoamua ngoma ikae upande gani. Acha njia ya kupita yenye upana usiopungua sentimita 90 kutoka barabarani hadi mlangoni, bila waya wala jani kavu. Watoto watakuja wamevaa barakoa zinazowaziba macho na nguo zinazoburura chini, na wengine watakuwa wakisukumwa katika viti vya magurudumu. Mlango ubaki unafunguka wote. Ikiwa umepanga, mwulize mwenye nyumba kwa maandishi kama unaweza kupigilia kulabu. Akikataa, vibana vya plastiki vinavyokaza kwenye reli na nguzo vitafanya kazi nyingi ya kulabu.

Hatua ya tatu: kitabu kikubwa kilichofunguliwa

Majirani wengi hawajapata kusikia habari za zimwi, kwa hiyo unahitaji kitu cha kuwaambia kwamba hapa pana hadithi. Kitabu kilichofunguliwa, kikiwa kimesimamishwa mwanzoni mwa njia, hufanya hivyo hata kwa mtoto asiyejua kusoma.

Nunua ubao mwepesi wa povu gumu, ule unaouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya kuzuia baridi ukutani. Ubao wa kawaida huwa na futi 4 kwa 8, na unene wa inchi moja unatosha. Kata kurasa mbili za sentimita 60 kwa 90. Ziunganishe kwa pembe pana kwa kutumia vijiti vya mishikaki vilivyochomekwa ndani ya povu pamoja na gundi ya maji. Gundi ya moto huliyeyusha povu ikiwa kali mno, na rangi ya kopo la kupuliza hulila kabisa likabaki na mashimo kama embe lililoingiwa na funza, kwa hiyo paka kwanza tabaka mbili za rangi ya ukutani ya maji. Rangi nyeupe iliyochanganywa na kahawia kidogo hutoa karatasi ya kale. Pembezoni futa kwa sifongo yenye majani ya chai. Mwishowe funga mgongo wa kitabu kwenye mti uliozamishwa ardhini sentimita 30, kwa kuwa upepo wa Oktoba hauheshimu povu.

Juu ya ukurasa wa kushoto andika PAUKWA kwa herufi za kimo cha mkono mmoja, na wa kulia uandike sentensi mbili tu kwa Kiingereza kuhusu msichana, kombe na ngoma inayoimba. Usiandike zaidi, mtoto mwenye njaa ya peremende hasomi aya.

Hatua ya nne: ufuko

Sehemu hii ni nyepesi. Panga makombe na mawe kandokando ya njia, na mahali palipo karibu zaidi na ngazi weka kreti iliyofunikwa kitambaa cha kijivu kilichokunjwakunjwa ili iwe mwamba, na juu yake kombe moja kubwa lililochongwa kwa mabaki ya lile povu. Usimwage mchanga njiani, hata kama utapendeza, kwa sababu mchanga juu ya saruji yenye unyevu huteleza. Taa ndogo za jua zilizopangwa chini, zikifunikwa kwa plastiki ya buluu, zitatoa wazo la maji.

Hatua ya tano: zimwi na ngoma

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo panapostahili muda wako.

Anza na ngoma. Chukua pipa la taka la plastiki lenye ujazo wa lita 120 hivi, jipya au lililosafishwa vizuri, ulizungushie gunia au karatasi nzito ya kahawia. Ngozi ya juu itengenezwe kwa shuka jepesi la pamba lililochovywa katika chai nzito ya rangi usiku kucha na kukaushwa. Livute juu ya mdomo wa pipa, ulikaze kwa kamba ya katani, kisha ishushe kamba hiyo kwa mshazari hadi chini na kuirudisha juu, kama zinavyokazwa ngoma za kweli. Kabla ya kufunga, weka matofali mawili chini kwa ajili ya uzito, juu yake spika ndogo isiyotumia waya, na pembeni taa ya LED ya betri yenye mwanga wa manjano. Shuka jembamba hupitisha sauti na mwanga kwa pamoja, hivyo ngoma itang'aa na kuimba kana kwamba ndani yake mna mtu. Acha mpasuko upande wa nyuma wa kuingizia mkono, la sivyo utaifungua ngoma nzima kila betri inapoisha.

Sauti iwe ya mtoto halisi. Mrekodi mwanao kwa simu akiimba wimbo wowote mfupi anaoujua, ndani ya chumba chenye mapazia na zulia ili pasiwe na mwangwi. Wimbo wa sekunde 40 ukifuatwa na kimya cha dakika mbili, yote katika faili moja inayojirudia, unatosha. Kile kimya kina kazi kubwa kuliko wimbo, kwani mtoto akipanda ngazi kwa utulivu halafu ngoma ikaanza kuimba, atakumbuka. Mwaka wa kwanza niliacha wimbo uendelee bila kukoma, na kufikia saa moja usiku mke wangu alikuwa ameuzima kwa hasira. Pima pia kiasi cha sauti: isikike mwisho wa njia, isisikike barazani kwa jirani.

Zimwi lenyewe liketi nyuma ya ngoma, mkono mmoja ukiwa juu ya ngozi. Kiunzi chake kinaweza kuwa kiti cha zamani kilichofungwa mbao mbili za msalaba, na kiwiliwili kiwe magunia yaliyojazwa magazeti au nguo kuukuu. Tumbo liwe kubwa kupita kiasi, kwa kuwa hili ni zimwi lililokula bure vijiji saba. Nywele ziwe za katani iliyochambuliwa na kupakwa masizi ya rangi, na mikono iwe glovu za bustani zilizorefushwa vidole kwa waya. Kuhusu uso, nina shauri ambalo nalishikilia: usiuonyeshe. Inamisha kichwa, funika kwa nywele na kivuli, acha vitone viwili tu vya mwanga hafifu ndani kabisa. Uso unaoonekana huzoeleka mara ya pili, lakini usioonekana kila mtoto huujaza mwenyewe.

Na jambo jingine, ambalo si la ufundi. Usilivishe zimwi kinyago cha Kimakonde wala kitu chochote kinachofanana na mavazi ya kabila fulani, hata kama unacho ukutani na kinaelekea kufaa. Mtaani ambako huenda wewe ndiye Mwafrika pekee, dubwana lililovaa kinyago litasomwa kama Afrika yenyewe, na mwanao ndiye atakayeulizwa maswali shuleni siku inayofuata. Magunia na katani hayana kabila. Kanga na vitenge vitumie kwingine, kwenye reli na kwenye nguzo, ambako vitaonekana kuwa nguo nzuri tu. Kanga yenye methali ya "zimwi likujualo halikuli likakwisha", kama unaweza kuagiziwa kutoka nyumbani, haiwezi kupata mahali pazuri zaidi.

Hatua ya sita: mlangoni

Nyuki hutengenezwa na watoto wenyewe kwa jioni moja. Koni za msonobari zilizoanguka chini zinapatikana bure katika bustani nyingi za huko. Zizungushie uzi wa sufu wa manjano, ubandike mabawa ya karatasi ya kuokea mikate, na uzining'inize darini kwa mshipi wa kuvulia samaki, kwa urefu tofautitofauti. Mshipi hauonekani usiku, kwa hiyo nyuki wa chini kabisa awe juu ya kichwa cha mtu mzima. Nyoka wawili wa kamba nene wakitoka ndani ya ndoo iliyolala ubavu watatosha, na siafu wanaweza kuchorwa kwa chaki wakipanda ukuta kuelekea kizingiti. Mvua itawafuta bila kukusumbua. Utando wa buibui wa bandia, ule wa pamba ya kunyoosha, uache dukani. Ndege wadogo na popo hunaswa humo, na hadithi yetu haina buibui.

Kisha boga. Chagua lenye kikonyo kigumu na ganda lisilobonyea, la kilo 10 au zaidi, linunuliwe mapema ukitaka lakini lisikatwe kabla ya tarehe 28. Boga lililokatwa hudumu siku chache tu kabla ya kuanza kulegea na kuota ukungu, na barafu ya usiku mmoja inaweza kulikunja kama kofia. Likate tundu kwa nyuma badala ya juu, ili kikonyo kibaki mahali pake na boga lionekane limetoka shambani sasa hivi. Kwangua ndani hadi unene wa sentimita mbili na nusu mahali utakapochonga uso. Kingo zilizokatwa zipake mafuta mazito ya mgando yasikauke haraka. Kindi ndio maadui wakubwa: mwaka mmoja walikula mdomo wa boga langu kwa usiku mbili, likabaki na tabasamu la kibogoyo ambalo watoto walilipenda kuliko lile nililochonga. Atakayetaka usalama aliingize ndani kila usiku hadi siku yenyewe.

Kando ya boga kubwa, weka dogo lililopakwa rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani. Tangu mwaka 2014, kwa juhudi za shirika la FARE linaloshughulikia mzio wa vyakula, rangi hiyo huwaambia wazazi kwamba nyumba hii ina pia zawadi zisizo za kula, kama vile penseli, stika au filimbi, kwa mtoto ambaye karanga au maziwa vinaweza kumdhuru. Zawadi hizo ziwe na bakuli lake, mbali na peremende.

Hatua ya saba: taa na umeme

Kumbuka kwamba wageni wa kwanza, ambao ndio wadogo kabisa, watafika kabla ya giza. Saa za Marekani hazirudishwi nyuma hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, hivyo tarehe 31 Oktoba jua huzama Minneapolis muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, na Columbus, Ohio, mnamo saa kumi na mbili na nusu. Miji mingi hutangaza saa zake za watoto kupita, kwa kawaida kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku. Mapambo yako lazima yaeleweke katika machweo na katika giza, na hilo linatokana na ukubwa wa maumbo zaidi ya wingi wa taa.

Taa kuu ya baraza usiizime, maana ukiizima umefuta mwaliko. Badilisha tu balbu yake iwe hafifu yenye rangi ya kaharabu. Zimwi limulikwe kutoka chini kwa taa moja ya kijani, ngoma iwake kutoka ndani, na boga liwe na taa ya betri. Mshumaa wa kweli una harufu nzuri, lakini karibu na magunia, katani na nguo ndefu za watoto ni hatari, na NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, linashauri vilevile. Mahali pekee panapohitaji mwanga mweupe ni ngazi. Kila kidato kionekane.

Waya wa kuvuta umeme uwe wa nje. Huko waya wa aina hiyo huwa na herufi W katika alama zilizochapwa kwenye ganda lake. Chomeka kwenye soketi yenye vitufe viwili, cha kujaribia na cha kurudishia, ambayo hukata umeme inapogundua kwamba unavuja. Bonyeza cha kujaribia kabla ya siku yenyewe. Maungio yasilale chini kwenye maji, na waya upite kandokando ya ukuta, usikate njia hata mara moja.

Hatua ya nane: jioni yenyewe

Tarehe 30 fanya jaribio kamili baada ya giza, ukitembea mwenyewe kutoka barabarani. Tazama pia utabiri wa hali ya hewa, na usidhani theluji ni ya Desemba: dhoruba iliyoanza siku ya Halloween ya mwaka 1991 iliuangushia mji wa Minneapolis na jirani yake St. Paul theluji ya zaidi ya sentimita 70 kwa siku nne. Kitabu na ngoma viweze kuingizwa ndani kwa dakika kumi.

Mtoto akifika mlangoni, mwambie "Paukwa!" na umfundishe kujibu "Pakawa!" kabla ya kumpa chochote. Wakubwa hucheka, wadogo hupiga kelele, na mwaka wa pili utasikia wengine wakiliita neno hilo tangu barabarani. Mtoto anayeiogopa ngoma asilazimishwe kupanda. Mshushie bakuli hadi mwambani, na mwanao avae kama yule msichana, mwenye kombe mkononi, awe ndiye wa kumpelekea.

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba anza kufungua. Zimwi likamuliwe magazeti yake na kukunjwa ndani ya mfuko. Nyuki waingie kwenye boksi la mayai. Kitabu kisimame wima garaji, kisilazwe, la sivyo povu litapinda. Boga kubwa, likiwa halikupakwa rangi, liende kwenye lundo la mboji. Lakini zile mbegu ulizozitoa wakati wa kuchonga, zioshe, zianike juu ya karatasi kwa wiki nzima na uzihifadhi mahali pakavu. Maboga ya kuchonga yana maji mengi na hayana ladha ya maana, ila mmea wake ukipandwa mwishoni mwa Mei, baridi kali ikishapita, hufunika ua mzima, na kufikia Julai utakuwa na majani machanga ya maboga ya kupika kwa nazi.